Kabila Halipigi Kura

Kila uchaguzi unapokaribia, wajuzi wa siasa hutukunjulia ramani ileile ya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji. Uwanda wa Mueda ni wa Wamakonde, Wakatoliki, kwa hiyo ni wa Frelimo, chama tawala. Pwani ni ya Wamwani, Waislamu, kwa hiyo ni ya Renamo, chama cha upinzani. Hata ndani ya Mocímboa da Praia mitaa imekwisha kugawanywa: wavuvi huku, walioteremka kutoka uwandani kule, na kura zimehesabiwa kabla sanduku halijafunguliwa. Wavuvi wasipojitokeza, jawabu li tayari: watu wa pwani ni wavivu, siasa haiwahusu. Huu ni uzushi, na umetuumiza vya kutosha.

Tofauti ya kura baina ya mitaa ipo. Lakini chanzo chake si damu wala dini. Mueda ndiko utawala wa Kireno ulikowamiminia watu risasi tarehe 16 Juni 1960, na uwanda ule ndio uliokuwa ngome ya vita vya ukombozi. Uhuru ulipopatikana, waliopigana walipata pensheni, vyeo na heshima. Ni haki yao, hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini nyumba moja ikiingiza pensheni ya mpigania uhuru, na ya jirani ikitegemea nyavu zilizochakaa, nani ashangae zikichagua vyama tofauti? Mtu huipigia kura serikali kama alivyoiona ikimjia mlangoni. Tukisema ni kabila, tumeifutia serikali lawama.

Na huo uvivu? Mei 2005 Mocímboa ilifanya uchaguzi mdogo wa meya. Frelimo ikatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura mia chache. Renamo ikakataa matokeo, na Septemba ikamsimika meya wake. Majirani wakageukiana, nyumba zikachomwa, watu wakazikwa. Damu ile haina utetezi. Lakini watu wasiojali kura hawafiki huko. Kilichokosekana si hamu ya kuchagua. Kilichokosekana ni mlango wa kubisha ukafunguliwa. Miaka 12 baadaye, tarehe 5 Oktoba 2017, vita vya waasi wa Cabo Delgado vilianzia katika mji uleule. Vina vyanzo vingi, lakini kijana aliyekwisha kuamini kwamba sanduku halimjibu ni windo jepesi kwa anayemwahidi bunduki.

Tazameni nchi nzima. Mwaka 1994, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, karibu asilimia 88 ya walioandikishwa walipiga kura. Mwaka 2004 walibaki takriban asilimia 36. Makabila yalikuwa yaleyale, dini zilezile. Kilichopungua ni imani. Na Oktoba 2024, kwa matokeo rasmi, Renamo iliangukia viti 28 bungeni, ikapitwa na chama kingine cha upinzani, Podemos, kilichopata 43. Kama kura ingerithiwa kama jina la ukoo, chama kilichokuwa cha pili tangu 1994 kisingeporomoka hivyo kwa uchaguzi mmoja.

Sasa njooni Palma, kwenye pwani hiyohiyo. Kando yake, Afungi, kuna mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Familia zimehamishwa kuupisha na kupelekwa Quitunda. Mama wa Palma anasimama foleni juani kwenye uwanja wa shule, anapokea karatasi tatu, ya rais, ya bunge na ya baraza la mkoa, anachovya kidole katika wino, anarudi nyumbani. Lakini Palma si manispaa: hana meya wa kumchagua. Msimamizi wa wilaya, aliye karibu naye kuliko wote hao, huteuliwa kutoka juu. Uchaguzi wa wilaya uliahidiwa kufanyika 2024. Agosti 2023 bunge likabadilisha katiba na kuuahirisha bila kutaja tarehe. Mnamwondolea mtu kura inayomgusa, kisha mnamlaumu kwa kuzipuuza zilizobaki!

Aliyekimbia vita Mocímboa akapata hifadhi wilayani Metuge, naye alikuwa na nini Oktoba 2023, siku ya uchaguzi wa manispaa? Metuge hakuna manispaa, na kwao hakuwapo. Huyo naye ataandikwa mvivu?

Dawa inajulikana. Rudisheni tarehe ya uchaguzi wa wilaya katika katiba. Mkimbizi wa ndani aruhusiwe kuchagua viongozi wa mji alikofukuzwa kwa bunduki, popote alipo. Karatasi ya matokeo inayobandikwa mlangoni pa kila kituo itangazwe kwa umma kituo kwa kituo, ili asiwepo wa kuibadilisha njiani. Chiúre, mkoani humuhumu, imeonyesha kwamba ushindi hurudishwa: Novemba 2023 Baraza la Katiba liliutengua ule uliotangazwa awali na kuipa Renamo manispaa hiyo.

Na ninyi vyama, acheni kuuhesabu mtaa kwa misikiti na makanisa yake. Nendeni kwa wavuvi mkiwa na majibu juu ya bahari waliyofungiwa, barafu ya kuhifadhia samaki na kazi za gesi zinazowapita vijana wao. Frelimo isiwaone maadui, Renamo isiwaone mali yake. Mkazi wa Palma apewe kwanza haki ya kumchagua anayemtawala na ya kumwondoa. Kabla ya hapo, asithubutu mtu kuwaita watu wa pwani wavivu.