Banda, Kipando na Kinyungu: Maoni Kuhusu Viwanja vya Nane Nane na Mandhari ya Njombe na Makambako

Kila mwaka ifikapo mwanzoni mwa Agosti, halmashauri za Nyanda za Juu Kusini hukusanyika katika viwanja vya John Mwakangale mjini Mbeya kwa ajili ya maonyesho ya wakulima, ambayo kilele chake huwa tarehe 8, yaani Nane Nane. Miongoni mwao zimo halmashauri za Mkoa wa Njombe, ikiwamo ya Mji wa Njombe na ya Mji wa Makambako. Makala haya yanakusudia kutoa maoni kuhusu mabanda ya viwanja hivyo na bustani zinazoyazunguka: jinsi yalivyobadilika, na maneno tunayoyatumia kuyataja. Msomaji anaweza kuuliza ni kwa vipi banda la maonyesho liwe suala la jarida la Kiswahili. Jibu letu ni kwamba mandhari iliyopandwa na kupangwa ili itazamwe na watu ni matini kama matini nyingine. Ina watunzi wake, ina hadhira, ina msamiati, na ina mambo inayoyanyamazia. Hili la mwisho ndilo lililotusukuma kuandika.

Tuanze na neno lenyewe. Katika matumizi ya kawaida, banda ni jengo lisilodai heshima. Tuna banda la kuku, banda la ng'ombe, banda la zana, na banda la mama lishe. Waingereza walioishi Afrika ya Mashariki walilichukua neno hili wakaliingiza katika Kiingereza chao kwa maana ya kijumba cha kulaza watalii. Neno linalotumiwa na Wafaransa na Waingereza kutaja jengo la maonyesho nalo lina asili ya unyonge, kwani linatokana na Kilatini papilio, yaani kipepeo, kwa kuwa hema lililotandazwa lilifananishwa na mbawa za mdudu huyo. Kwa hiyo lugha zote hizo zinakubaliana kwamba jengo la maonyesho ni la kupita. Tatizo ni kwamba kitu kinachodhaniwa kuwa cha kupita hakiwekewi kumbukumbu. Banda la mabanzi na nyasi hubomolewa, likasimama la bati. La bati hubomolewa, likasimama la matofali, vigae na vioo. Na kila linapoondoka huondoka na mpango wake, maandishi yake ya ukutani na bustani yake. Hata hivyo, hatuoni sababu ya kulitupa neno "banda" na kuazima jingine lenye madaha. Ni neno la kweli, nalo linatukumbusha kuwa jengo hili ni mtumishi wa kitu kingine.

Kitu hicho kingine ni shamba. Hata huko Ulaya, jengo kubwa la kwanza la maonyesho ya kimataifa, lile la London la mwaka 1851, lilibuniwa na Joseph Paxton, mtunza bustani ambaye alikuwa amejifunza kazi hiyo kwa kujenga nyumba za vioo za kukuzia mimea. Lakini shamba na banda hazikukaa pamoja kwa muda mrefu. Katika Maonyesho ya Dola ya Uingereza yaliyofanyika Wembley mwaka 1924 na 1925, Tanganyika iliwekwa pamoja na Kenya, Uganda na Zanzibar katika banda la Afrika ya Mashariki lililojengwa kwa mtindo wa nyumba za Kiarabu za pwani. Mbena wa Njombe, ambaye huenda hakuwahi kuiona bahari, aliwakilishwa na ukuta mweupe wa Unguja. Baada ya Uhuru, Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kilijaribu kusahihisha kosa hilo kwa kujenga nyumba za makabila mbalimbali kwa udongo, miti na nyasi. Jaribio hilo lilikuwa la heshima, lakini liliingia katika ugumu mwingine. Tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo linalofaa nchi kavu, linapigwa na mvua za pwani, na kila baada ya muda halina budi kujengwa upya. Nyumba ilihamishwa, hali ya hewa haikuhamishwa.

Viwanja vya Nane Nane vina faida ya kuwa kanda kwa kanda, hivyo mimea haihamishwi mbali sana na kwao. Ila vina ugumu wa kalenda, ambao kwa maoni yetu haujajadiliwa ipasavyo. Zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, wakulima walipewa tarehe 8 Agosti, na Saba Saba ikabaki kwa wafanyabiashara. Tarehe zote mbili zilichaguliwa na historia ya siasa. Hakuna iliyochaguliwa na mvua. (Jina la viwanja nalo ni la historia hiyo hiyo: Mwakangale alikuwa mbunge na mpigania uhuru, na Nelson Mandela amesimulia jinsi alivyokutana naye Mbeya mwaka 1962.) Njombe hupata mvua zake kati ya Novemba na Mei. Mwezi Agosti mahindi yamekwisha kuvunwa, upepo ni wa baridi kali, na sakitu huunguza majani ya viazi. Makambako, ambayo iko upande mkavu zaidi, huwa na mavumbi tu. Kwa maneno mengine, mkulima anaalikwa kutazama shamba bichi wakati ambapo shamba lake la kilimani halina kitu.

Ili shamba hilo bichi liwepo, maofisa ugani hulazimika kuanza kazi miezi kadhaa kabla: kulima, kupanda, kumwagilia, kupalilia, na kuombea sakitu isishuke. Matokeo yake huitwa "kipando". Neno hili ni zuri sana. Limeundwa kutokana na kitenzi -panda, ambacho kina maana ya kutia mbegu ardhini na pia ya kukwea, nalo limekwisha kuzoeleka kwa wakulima wa kanda nzima bila kuamriwa na chombo chochote cha lugha. Kwa wanafunzi wa istilahi, huu ni mfano wa neno lililozaliwa kazini.

Lakini tuangalie kwa makini kipando ni nini. Ni kijishamba kinacholimwa wakati wa kiangazi, kwa matuta, kwa maji ya kumwagilia au ya mfereji, kwa mkono, kwa uangalifu mkubwa, ili kutoa mboga, viazi na mahindi mabichi wakati ambapo mashamba ya mvua yamelala. Watu wa Njombe na Iringa wana kitu cha namna hiyo tangu zamani, nacho wanakiita kinyungu. (Msomaji wa pwani asikichanganye na nyungu ya kupikia au ya kufukizia mgonjwa.) Vinyungu hulimwa mabondeni, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu baada ya mvua kukoma; maji ya ziada huondolewa kwa vijifereji, matuta huinuliwa, na mazao hutoka katika miezi ya njaa ambapo ghala linakaribia kuisha na mazao mapya hayajawa tayari. Ada ya shule, sabuni na chumvi hutoka humo. Basi kipando cha Agosti si kitu kipya ambacho mtaalamu anamfundisha mkulima. Ni kinyungu kilichovaa joho.

Kwa nini basi hakiitwi kwa jina lake? Hapa ndipo matini inaponyamaza. Kinyungu kiko bondeni, na bonde ni chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kibinadamu za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya mazingira. Tangu hapo kinyungu kimekuwa jambo la kuhojiwa katika vikao vya vijiji, na mwenye kinyungu amejikuta akitajwa kama mharibifu. Hatusemi kwamba sheria hiyo haina sababu. Mito inayoanzia katika milima hii huenda kulisha mpunga wa Usangu na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu, na aliyeona Ruaha ikikauka hawezi kuichukulia hoja hiyo kwa mzaha. Tunachosema ni kwamba ujuzi mmoja umepewa majina mawili, na majina hayo yamegawana heshima: chini ya jina la kipando unapata kikombe cha ushindi, na chini ya jina la kinyungu unapata faini. Mtaalamu wa isimu jamii asingeweza kutamani mfano bora zaidi.

Mabadiliko ya miaka ya karibuni yameongeza umbali huo. Aliyevizuru viwanja vya maonyesho kwa miaka mingi ataona kwamba eneo la mbele ya banda, ambalo zamani lilikuwa la matuta, sasa linatwaliwa na ukoka, maua ya mapambo, vitofali vya sakafu na mahali pa kupigia picha. Vipando vimesogezwa nyuma. Njia kuu haipangwi tena kufuata mazao. Hupangwa kufuata msafara wa mgeni rasmi, ambaye ana dakika chache na viatu visivyopenda tope. Kilele cha kitaifa kilipofanyika Mbeya mwaka 2022 na 2023, macho ya nchi nzima yalikuwa hapo, na si ajabu kila halmashauri kutaka kupendeza. Hatuna ugomvi na kupendeza. Lakini hadhira ya matini imebadilika kutoka mkulima kwenda kwa mgeni rasmi, na kila mwanafunzi wa fasihi anajua nini hutokea kwa ngonjera inapotungwa kwa ajili ya jukwaa kuu peke yake. Mkulima wa Njombe amesafiri zaidi ya kilomita 200 ili aone mbegu. Kumwonyesha ukoka ni kumdhulumu nauli.

Lipo pia suala la muda wa mimea yenyewe. Banda linaweza kupakwa rangi mpya kwa wiki moja, na fedha za kazi hiyo hutengwa kwa mwaka mmoja wa serikali. Viazi vinahitaji miezi mitatu au minne. Parachichi, zao ambalo leo ni fahari ya Njombe, hata likiwa mche uliobebeshwa huanza kuzaa takriban mwaka wa tatu. Miwati, ambayo iliibadilisha sura ya Kibena tangu kampuni ya miwati ilipoanzishwa mwaka 1949, huhitaji miaka mingi zaidi kabla ya kuvunwa magome. Na mlanzi, ule mwanzi unaotoa ulanzi, hauharakishwi na bajeti yoyote. Tena hugemwa wakati wa mvua, hivyo mgeni wa Agosti atauona mmea bila kuonja kinywaji (labda ni heri kwa ratiba ya siku). Mkoa wa Njombe ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa. Mti uliopandwa kiwanjani mwaka huo ungekuwa sasa ni mti mzima wenye kivuli, na ungeweza kusimulia umri wa mkoa kuliko bango lolote. Mti unaong'olewa kila banda linapopanuliwa hausimulii chochote.

Makambako ina banda jingine ambalo halikubuniwa na halmashauri. Pale barabara ya kwenda Tunduma inapoachana na ile ya Njombe na Songea, mji ambao pia una kituo cha reli ya TAZARA, wachuuzi wamepanga viazi, vitunguu na matunda kwa mafungu, kwa rangi na kwa ukubwa, kwa ustadi ambao hakuna mpambaji aliyeulipia. Abiria wa basi ndiye mgeni rasmi, na hukumu yake ni ya papo hapo: ananunua au haninunui, kama wasemavyo wao wenyewe kwa utani. Vibanda hivyo navyo huhamishwa na kubomolewa kila barabara inapotengenezwa. Ni maonyesho ya siku 365, nayo yanafuata msimu kwa uaminifu ambao viwanja rasmi vimeupoteza.

Wapo watakaotujibu kwamba maonyesho ni matangazo, na kwamba mwekezaji haji kutazama matuta. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa zao kama parachichi linalotafuta soko la nje. Lakini mwekezaji wa kilimo asiyetaka kuona udongo ni wa kutiliwa shaka. Tungependekeza kwamba halmashauri za Njombe na Makambako zihifadhi michoro na picha za kila banda kabla ya kulibomoa, pamoja na orodha ya kilichopandwa na aliyekitunza. Kwamba sehemu ya kiwanja ipewe miti isiyoguswa. Na kwamba kipande kimoja kilimwe kama kinyungu, kiandikwe hivyo kwa herufi kubwa, na pembeni yake ipimwe mita 60 kwa kamba, ili mkulima, ofisa wa bonde la maji na mgeni rasmi wabishane wakiwa wamesimama juu ya jambo lenyewe.

Kwa upande wetu wa idara, kazi iliyo wazi ni ya kukusanya msamiati. Kuna majina ya vijifereji vya kuingiza maji na vya kutoa, ya tuta la kwanza na tuta la pili, ya udongo mweusi wa bondeni, ya mbegu zinazovumilia baridi na zisizovumilia, na mengi ya majina hayo yamo katika Kibena, Kihehe, Kikinga na Kipangwa, yakisubiri kuingia katika Kiswahili cha kilimo kama kipando kilivyoingia. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mwanafunzi mmoja wa uzamili atakayekubali kukaa Njombe kuanzia Juni hadi Novemba, akiwa na daftari, koti zito, na wenyeji watakaoamini kwamba hakutumwa kuwapima mita.