Risala kwa Bunge la Jimbo la Mississippi Kuhusu Sanamu Zetu Mbili Zilizoko Washington

Mheshimiwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Mheshimiwa Naibu Gavana, kiongozi wa Seneti. Waheshimiwa Wajumbe wote:

Sisi ni wakazi wa Mississippi tuliozaliwa Kenya, Tanzania na Kongo. Wengi wetu tumekwisha kula kiapo cha uraia. Tunapiga kura hapa, tunalipa kodi hapa na tunazikana hapa. Nakala ya Kiingereza imeambatanishwa.

Malalamiko yetu yanahusu sanamu mbili ambazo jimbo letu lilizipeleka mwaka 1931 katika jengo la Bunge la Marekani, nazo zingali zimesimama humo: ya Jefferson Davis na ya James Z. George. Sheria iliyoanzisha utaratibu huo ilitiwa saini na Rais Lincoln Julai 1864. Inaruhusu kila jimbo kutoa sanamu mbili, za shaba au marumaru, za watu wake waliokwisha kufariki ambao historia au utumishi wao unastahili kuenziwa na taifa zima. Lincoln aliisaini katikati ya vita, na kiongozi wa upande aliokuwa akipigana nao alikuwa huyo huyo Davis. Leo Davis amesimama ndani ya ukumbi uliotengwa kwa sheria ile.

Waheshimiwa, Davis na jengo lile wana historia ambayo mtoto wetu akienda kutembea Washington hasimuliwi anapopita mbele ya sanamu yake. Miaka ya 1850, akiwa Waziri wa Vita, Davis ndiye aliyesimamia upanuzi wa jengo. Mchongaji Thomas Crawford alileta mchoro wa sanamu ya Uhuru, ile inayosimama juu ya kuba, na kichwani akawa ameivika kofia ambayo Warumi wa kale waliwavisha watumwa waliopewa uhuru. Davis aliikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba kofia hiyo haiwafai watu waliozaliwa huru. Crawford akaiondoa, akaweka chapeo yenye kichwa cha tai na manyoya, na ndivyo ilivyo hadi leo.

Sanamu hiyo ilipofika kiwandani kwa ajili ya kusubiwa, miongoni mwa walioisubu alikuwa mtumwa aitwaye Philip Reid. Kumbukumbu za malipo zipo: kazi ya Jumapili alilipwa yeye mwenyewe, dola 1 na senti 25 kwa siku, ujira wa siku nyingine ulikwenda kwa aliyekuwa akimmiliki. Reid alipata uhuru Aprili 1862, watumwa wa Washington walipoachiwa kwa sheria. Kipande cha mwisho cha sanamu kilipopandishwa juu ya kuba Desemba 1863, yeye alikuwa mtu huru, na Davis alikuwa Richmond akiongoza vita vya kuwabakiza watu kama Reid utumwani. Wa pili ndiye tuliyempa jukwaa.

Wala hapa hatuulizi kama Davis alikuwa hodari. Alijiuzulu Seneti ya Marekani Januari 1861 ili kuivunja nchi, na hakuomba msamaha mpaka alipofariki mwaka 1889. Haki zake kamili za uraia zilirudishwa na Bunge mwaka 1978, miaka 47 baada ya sisi kumpeleka Washington kama raia wetu wa kuigwa.

George hajulikani sana, lakini kwetu yeye ndiye kiini cha malalamiko haya. Ni mmoja wa waliotia saini tamko la kujitenga mwaka 1861, na baadaye ndiye aliyeongoza uandishi wa Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890. Katiba hiyo iliweka kodi ya kupiga kura, na ikamtaka mpiga kura asome kifungu au akieleze akisomewa, huku mwenye kuamua kama ameeleza vizuri akiwa karani mzungu. Weusi walikuwa wengi kuliko wazungu katika jimbo wakati huo, na matokeo ya katiba hiyo yalidumu: mapema miaka ya 1960, chini ya 7 kwa mia ya weusi waliostahili ndio walioandikishwa kupiga kura.

Basi hesabu iko wazi. Bunge lililochagua sanamu hizi lilichaguliwa kwa kanuni alizozitunga George mwenyewe. Nusu ya wananchi hawakuwa na sauti katika uteuzi ule. Tunalalamika kwamba Mississippi, yaani watu wake wote, haijawahi kuchagua sanamu zake hata siku moja.

Tunajua jibu tutakalopewa, kwamba tunafuta historia. Davis hana uhaba wa makazi: nyumba yake ya Beauvoir iko Biloxi, ni makumbusho, na mlango wake uko wazi kwa anayetaka kumsoma. Virginia ilipomwondoa Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, Desemba 2020, sanamu yake ilipelekwa kwenye makumbusho ya historia mjini Richmond. Sisi tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki pia hatuji na mikono misafi katika jambo hili. Nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ingali ipo Mji Mkongwe wa Zanzibar, na wageni huoneshwa. Lakini palipokuwa soko la watumwa, Mkunazini, sanamu zilizopo ni za waliofungwa minyororo. Hakuna aliyemsimamisha Tippu Tip mlangoni mwa Baraza la Wawakilishi kule Chukwani.

Njia ya kisheria ipo tangu mwaka 2000: Bunge la jimbo lipitishe azimio, gavana akubali, kamati ya pamoja ya Bunge la Marekani iidhinishe, na gharama zibebwe na jimbo. Kansas ilitangulia mwaka 2003. Florida ilimwondoa jenerali wa Kusini na mwaka 2022 ikamleta Mary McLeod Bethune, binti wa watu waliokuwa watumwa. Arkansas, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ilibadilisha zote mbili mwaka 2024, ikawapeleka Daisy Bates na Johnny Cash. Hapa kwetu miswada ya namna hii imekuwa ikifia kwenye kamati bila kupigiwa kura. Na hamkosi uwezo, maana Juni 2020 mliiondoa bendera iliyodumu tangu 1894 kwa siku chache tu.

Kwa hiyo tunadai mswada utakaofuata uletwe mbele ya mabaraza yote mawili na kila mjumbe apige kura kwa jina lake. Tunadai iundwe kamati itakayopita katika kaunti zote kusikiliza wananchi kabla ya majina mapya kuteuliwa. Sanamu zitakazorudi zikabidhiwe makumbusho, na maelezo ya katiba ya 1890 yawekwe kando ya George.

Majina tunayoyapendekeza sisi tunayataja mapema. La kwanza ni Fannie Lou Hamer, mchuma pamba aliyefukuzwa shambani mwaka 1962 siku ile ile aliyokwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura, na mwaka uliofuata akapigwa vibaya katika jela ya Winona. La pili ni Medgar Evers, askari aliyepigana Ulaya, akauawa kwa risasi nje ya nyumba yake hapa Jackson Juni 1963. Uwanja wa ndege wa mji huu tayari una jina lake. Kwetu sisi ana udugu wa ziada: mwaka 1953, Jomo Kenyatta wa Kenya akiwa kifungoni, Evers alimpa mwanawe wa kwanza jina la Kenyatta. Wananchi wakipendekeza wengine, tutakubali, maadamu safari hii wameulizwa.

Tunaomba tujibiwe kwa maandishi kabla kikao hiki cha Bunge hakijafungwa, na tuko tayari kuchangia gharama za wachongaji.

Tunaomba kuwasilisha.