Safari ya Bangkok: kwanza uliza tiketi imelipwa na nani

Ndani ya ndege moja inayotoka Addis Ababa au Nairobi kwenda Bangkok, watu wawili kutoka Kivu wanaweza kukaa viti vya jirani. Wa kwanza ni mama mfanyabiashara. Amejilipia tiketi ya kwenda na kurudi, anajua soko atakalolitembelea, na siku ya kurudi imeandikwa. Wa pili ni kijana mwenye diploma. Tiketi yake imelipwa na mtu ambaye hajamwona kwa macho, ni ya kwenda tu, na ameambiwa kwamba dereva atamngojea uwanjani. Wote wawili wana visa ya utalii. Lakini mwisho wa safari yao unaweza kuwa tofauti kabisa.

Thailand si nchi ngeni kwa uchumi wa Mashariki ya Kongo. Kwa miaka mingi kasiteriti ya Kivu ilivuka bahari hadi viwanda vya kuyeyusha vya Phuket, kusini mwa Thailand, na vya Malaysia. Wafanyabiashara wa Butembo nao wanajulikana tangu zamani kwa kufuata bidhaa wenyewe huko Asia, kisha kuingiza kontena kwa njia ya Mombasa na Kasindi. Leo, wakati kazi zimekauka na vita vimebana barabara, jina la Bangkok linasikika tena, kwa wenye kutafuta mali na kwa wenye kutafuta kazi. Kila mmoja anahitaji mpango wake.

Kutoka nyumbani: hatua ya kwanza ndiyo ngumu

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, AFC/M23 iliposhika mji. Katikati ya mwezi wa pili Bukavu nayo ikashikwa. Tangu hapo, wasafiri wengi wa Goma na Bukavu hupitia Kigali; wa Bunia, Beni na Butembo hutazama zaidi upande wa Entebbe. Hiyo tayari ni gharama ambayo miaka mitatu iliyopita haikuwapo: barabara, mpaka, na pengine usiku mmoja au mbili za hoteli kabla ya kupanda ndege.

Shida ya pili ni makaratasi. Mkongomani hayuko kwenye orodha ya nchi ambazo watu wake wanaingia Thailand bila visa. Tangu mwanzo wa 2025 visa inaombwa kwa njia ya intaneti, kwenye ukurasa rasmi wa serikali ya Thailand, kabla ya kuondoka. Mwombaji anatakiwa kuonyesha tiketi, mahali atakapolala, na pia pesa zake kwenye banki. Hapo ndipo wakaaji wa Goma na Bukavu wanakwama: banki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, na mtu anayeweka makuta yake ndani ya simu au chini ya godoro hana karatasi ya kuonyesha. Anayepanga safari aanze na swali hili miezi mingi mbele. Akisubiri mpaka tiketi imelipwa, amechelewa.

Kuna mengine mawili madogo yanayosahaulika. Thailand inadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Kongo, na chanjo iwe imefanyika siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tena, tangu mwezi wa tano 2025, kila mgeni anajaza fomu ya kuingia kwa intaneti ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Anayedai dola kwa kuijaza anauza msaada wake tu.

Hesabu ya mfanyabiashara

Bangkok ni mji wa watu wasiopungua milioni 10 ukihesabu na vitongoji vyake. Joto halipungui, barabara zimejaa magari, lakini treni za juu na za chini ya ardhi zinamsaidia mgeni kutozama ndani ya msongamano. Kutoka uwanja mkubwa wa Suvarnabhumi, treni ya uwanja inaingia mjini mpaka kituo cha Phaya Thai kwa bei ya kama baht 45. Kituo cha Ratchaprarop, kimoja kabla ya hapo, kiko karibu na Pratunam, mtaa unaojulikana kwa nguo za jumla. Mwenye mizigo mingi atachukua teksi, na aombe dereva awashe mita.

Pale Pratunam maduka mengi yana bei mbili: bei ya kipande kimoja, na bei ya chini kwa anayechukua vipande 3 au zaidi. Bo Bae ni soko la wenye kununua kwa mafungu. Sampeng, ndani ya mtaa wa Wachina, ni kwa hereni, vibanio, mikoba na vitu vidogo vidogo. Chatuchak ni soko kubwa la mwisho wa juma, kwa hiyo anayekuja kwa ajili yake na kufika Jumatatu amepoteza siku.

Siku zenyewe zina maana. Kati ya tarehe 13 na 15 mwezi wa nne, mji unasherehekea mwaka mpya wa Kithai na maduka mengi yanafungwa. Mwaka mpya wa Kichina nao unafunga milango ya wauzaji wengi wa jumla. Mvua inanyesha sana kati ya mwezi wa tano na wa kumi. Anayetaka kuuza kwa sikukuu za Noeli na anatuma mzigo kwa meli, ahesabu majuma ya baharini, halafu Mombasa, halafu mpaka.

Lakini swali kubwa ni kama safari yenyewe inalipa. Tuseme mama ana dola 5,000. Tiketi, visa, njia ya Kigali, hoteli na chakula cha juma moja vinakula 2,000. Inabaki 3,000 ya kununua mali. Maana yake, blauzi iliyonunuliwa dola 3 lazima iuzwe dola 5 ili pesa yake irudi tu, kabla ya kulipa usafirishaji na duane. Na huku nyumbani, mzigo unaovuka maeneo ya pande mbili za vita unaweza kudaiwa ushuru zaidi ya mara moja.

Sasa tuseme mama wawili wa AVEC moja wameunganisha mtaji na kumtuma mmoja wao. Dola 10,000 ukitoa 2,000 inabaki 8,000. Blauzi ile ile ya dola 3 inarudisha pesa yake kwa dola 3.75. Njo maana wafanyabiashara wenye uzoefu hawasafiri kila mtu kivyake. Safari ya mtaji mdogo, ya mtu mmoja, mara nyingi inamtajirisha mwenye ndege kuliko mwenye mali.

Kuhusu dola zenyewe: noti iliyochanika au kuchorwa inakataliwa kule kama inavyokataliwa na wabadilishaji wa Goma, na noti ya 100 inapata bei nzuri kuliko za 10 na 20. Ukizidisha siku za visa, faini ni baht 500 kwa kila siku, mpaka 20,000. Na dereva wa tuk-tuk anayesema jumba la mfalme limefungwa leo, lakini anajua duka zuri la mawe ya thamani, ni ujanja wa zamani sana mjini humo. Hata mtu wa Kivu anayejua mawe asiingie.

Mpango wa pili, ambao mwingine ameutunga

Kijana wa kiti cha pili hana hesabu hizi. Ujumbe uliomfikia ku simu ni wa namna hii: "Kazi iko Bangkok, ya kompyuta. Kingereza kidogo inatosha. Tiketi tutakulipia, visa si shida, nyumba iko." Matangazo ya aina hiyo yamezunguka Afrika ya Mashariki kwa miaka kadhaa. Serikali ya Kenya ilianza kuonya raia wake tangu 2022.

Wengi walioitikia hawakufanya kazi Bangkok hata siku moja. Walichukuliwa uwanjani, wakasafirishwa kwa gari karibu kilometa 500 hadi Mae Sot, wakavushwa mto Moei usiku, wakajikuta Myawaddy, ndani ya Myanmar, eneo linaloshikwa na makundi yenye silaha. Huko kuna majengo yaliyozungushiwa kuta, kama KK Park, ambamo watu wananyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kutapeli watu wa nchi nyingine kwa simu: mapenzi ya uongo, biashara za uongo za pesa za intaneti. Waliotoka wameeleza kazi ya saa nyingi kuliko mchana mzima, vipigo, na familia kudaiwa maelfu ya dola ili mtu aachiliwe.

Mwezi wa nane 2023, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 huko Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia, huenda wanashikiliwa katika kazi hiyo. Mwezi wa kwanza 2025 mwigizaji wa China, Wang Xing, aliitwa Bangkok kwa ajili ya filamu akaokotwa siku chache baadaye upande wa Myanmar. Kelele zikawa kubwa. Tarehe 5 mwezi wa pili Thailand ilikata umeme, intaneti na mafuta kwa miji hiyo ya mpakani, na majuma yaliyofuata maelfu ya watu wakatolewa, wakiwemo Waethiopia wengi na Wakenya. Baadhi ya Waafrika walikaa majuma mengi mpakani kwa kukosa tiketi ya kurudi. Mwezi wa kumi mwaka huohuo jeshi la Myanmar likaingia KK Park, na zaidi ya watu 1,500 wakakimbilia tena Mae Sot. Biashara hiyo haijaisha. Ukiifunga hapa, inahamia kule.

Kwa nini imtafute mtu wa Afrika? Kwa sababu kila lugha ni mlango wa kuibia watu wapya. Aliyeanza na Kichina alihitaji baadaye Kingereza. Kijana wa Goma au Bunia anayeandika Kifaransa, Kiswahili na Kingereza kidogo ana thamani kwa watu hao, na yeye mwenyewe hajui.

Wengine wanasema ni ujinga wa vijana. Si hivyo. Anayetangaza kazi mara nyingi si mgeni: anaweza kuwa rafiki wa masomo, hata mtu ambaye yuko ndani tayari na ameambiwa alete wengine ili aachiliwe. Na kijana aliyemaliza chuo, miaka mitatu bila kazi, nyumba yao imekimbiwa mara mbili, anasikia mshahara wa dola: ni nani atamshauri akatae bila kumpa kitu kingine mkononi? Familia yenyewe mara nyingi inafurahi na kuuza mbuzi kwa ajili ya safari.

Maswali ya kuuliza nyumbani

Jambo moja linatenganisha safari hizi mbili: nani analipa, na nani anashika njia ya kurudi. Visa ya utalii hairuhusu mtu kufanya kazi Thailand. Mwajiri wa kweli anatayarisha visa ya kazi kabla mtu hajaondoka, ana jina la kampuni na anwani inayoweza kuhakikishwa, na anamwita mtu kwa kazi ambayo kweli amesomea. Anayesema "ingia na visa ya utalii, tutabadilisha huku" ameshaonyesha dalili. Tiketi ya kwenda tu ni dalili nyingine. Kuambiwa usiwaeleze wazazi ni ya tatu, na hiyo peke yake inatosha kusimamisha safari.

Kwa anayeondoka, awe mfanyabiashara au mtafuta kazi, nakala ya pasipoti, visa na tiketi ibaki nyumbani kwa mtu anayejua kusoma ujumbe. Wakubaliane neno moja la siri, ambalo likitokea ndani ya mazungumzo ya simu, familia ijue kwamba mambo si mazuri hata kama sauti inacheka. Waulize mapema ni ubalozi gani wa Kongo unaoshughulikia Thailand. Namba mbili ziandikwe ku karatasi, si ndani ya simu tu, kwa sababu simu ndiyo inanyang'anywa kwanza: 1155 ni polisi ya watalii ya Thailand, 1300 ni ya msaada kwa waathiriwa wa biashara haramu ya watu.

Na ajue umbali. Kutoka Suvarnabhumi hadi katikati ya mji ni kama kilometa 30. Gari likipita saa mbili na bado linakimbia barabara kubwa kuelekea kaskazini, haliendi Bangkok. Wakati wa kupiga namba hizo ni hapo, kituo cha kwanza cha mafuta, wakati mtu bado yuko Thailand. Akishavuka Moei, polisi ya Thailand haina tena mkono wa kumfikia.