Kitabu ao mpira: nani alisema lazima tuchague?



Kila mtu aliyesoma sayansi huku kwetu na kucheza kwenye timu anajua ile maneno: «Chagua, kitabu ao mpira.» Mimi niliambiwa hivyo nikiwa mwaka wa pili wa kemia, mbele ya oditwari yote.

Labo ilipangwa asubuhi. Umeme ukakatika, asistanti akaisogeza hadi saa kumi, siku ile ile. Saa kumi nilikuwa na mechi ya basketi ya fakilte yetu, ilitangazwa wiki mbili mbele. Nikaomba nifanye labo kesho yake na kikundi kingine. Jibu: zero. Nikaacha timu. Wengi waliacha namna hiyo, na hatukuwa wavivu.

Tunapenda kusema Marekani wanaweza juu wako na pesa. Pesa iko, ndiyo. Lakini iko na kitu kingine. Mwanafunzi wa biolojia anayecheza besiboli kwenye daraja la juu la vyuo kule, timu yake inaweza kufika mechi 56 kwa msimu. Ni mingi! Ila kanuni inasema mazoezi na mechi visipite saa 20 kwa juma, na siku moja apumzike. Asipofikisha asilimia 40 ya masomo ya diploma yake akianza mwaka wa tatu, hachezi. Safari hazihesabiwi, kwa hiyo anasoma kemia ndani ya basi, amechoka. Si paradiso. Lakini saa zake ziko na mwenye kuzilinda.

Dikembe Mutombo wetu alitoka Kinshasa mwaka 1987 kwenda Georgetown akitaka kuwa munganga. Mpira ukamvuta, akabadilisha masomo, lakini hakuyatupa: mwaka 1991 alimaliza na diploma ya isimu ya lugha na diplomasia, ndipo akaingia NBA. Mwaka 2007 hospitali aliyojenga ilifunguliwa Kinshasa, kwa jina la mama yake.

Hatuombi uwanja wa dhahabu. Tunadai vitu vitatu tu:

– ratiba ya labo itangazwe mapema na iheshimiwe;
– mwenye mechi ya chuo inayojulikana apewe siku nyingine ya kufanya labo;
– anayeanguka masomo asicheze mpaka ainuke. Hii ya tatu inatuhusu sisi wenyewe, na tunaikubali.

Mimi nilichagua kitabu. Leo diploma iko ndani ya sakoshi, kazi hakuna. Sisemi mpira ungenilisha. Nasema nilinyang'anywa kitu bila faida ya mtu yeyote.

Wewe unayesoma sasa, usiache timu kimya kimya. Wachezaji wote andikeni barua moja, mutie sahihi, mumupelekee dekani. Asipojibu, murudi tena.