Dawa Bila Jeni Ni Kubahatisha
Aliyeandika kwamba kata ya Dunda, Bagamoyo, inahitaji dawa za kifua kikuu, si elimu ya jeni, anatenganisha chanda na pete. Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu, iliyosomwa yote mwaka 1998, inaonyesha kwamba karibu na mahali kromosomu inapoanza kunakiliwa zimepangana jeni gyrB na gyrA, zinazounda kimeng'enya kinachoshambuliwa na dawa ya levofloksasini. Herufi moja ya DNA ikibadilika ndani ya gyrA, dawa hiyo yaweza kugonga mwamba; anayejua mpangilio hujua pa kusoma. Atasema yatosha kuotesha bakteria kutoka kwenye makohozi. Lakini bakteria huyu hujigawa kwa takriban saa 20, na majibu huchukua wiki kadhaa. Atasema kipimo cha jeni ni ghali. Miezi ya dawa isiyofanya kazi, huku nyumba nzima ikiambukizwa, ni ghali zaidi. Taasisi ya Afya Ifakara ina maabara hapa hapa Bagamoyo: tujadili kuitumia, si kuibeza.