Mti wa Kuungwa Una Heshima Yake

Katika sanaa ya bonsai, ambayo Wajapani wameilea kwa karne nyingi hata ikawa fahari ya nchi yao, ipo kazi moja ambayo mafundi wengi wanaoshika mila huitazama kwa jicho la dharau, nayo ni kuchukua gogo kavu, aghalabu lililotupwa ufuoni na mawimbi, na kulifungia mche mchanga wa mreteni, ili viwili hivyo vikae katika chungu kimoja na kuonekana kama mti mmoja ulioishi mamia ya miaka. Mti wa namna hii huitwa tanuki, jina la mnyama ambaye katika hekaya za Japani hujigeuza sura akahadaa watu. Nami, nikiipima kazi hii kwa insafu, naona kwamba lawama iliyotwikwa imezidi kiasi.

Anayedhani kuwa ni hila ya siku moja na atazame jinsi inavyofanywa. Gogo la baharini hulowekwa kwanza katika maji matamu, yakabadilishwa mara kwa mara kwa majuma mengi, maana chumvi iliyojificha ndani yake hudhuru mizizi. Kisha fundi hushika patasi akachimba mfereji kutoka shinani kwenda juu, akiufuata mpindo wa gogo lenyewe, na mdomo wa mfereji huo akaufanya mwembamba kuliko ndani yake. Mche, ambao shina lake halizidi unene wa kidole na hupindika bila kuvunjika, hubanduliwa gome upande mmoja tu, upande huo ukalazwa mferejini, ukakazwa kwa parafujo ndogo na kufungwa kamba. Kwa kuwa gogo ni mfu, haliwezi kushikana na mche kama shina hai linavyoshikana na tawi lililobebeshwa. Kinachoviunganisha ni kunenepa kwa mche, ambao mwaka baada ya mwaka huujaza mfereji, ukazibana kuta zake, hata gome likafurika ukingoni na mshono usionekane tena. Kazi inayodai saburi ya miaka haistahili kuitwa ulaghai.

Wala umbo hilo si uzushi wa fundi. Mreteni wa majabali ya Japani, ule uitwao shimpaku, ukipigwa na upepo, theluji na mawe yaporomokayo, hufa sehemu kubwa ya shina lake, ukabaki utepe mwembamba wa gome hai unaopanda kando ya mti mkavu na kupeleka maji kwenye majani. Ni kwa ajili ya umbo hilo watu walining'inia kwa kamba katika magenge ya Itoigawa, mkoani Niigata, kuing'oa miti mikongwe, kazi iliyopoteza roho za baadhi yao na kuyaacha majabali yakiwa karibu matupu. Uzuri uliotafutwa kwa gharama hiyo, mwenye tanuki huutafuta kwa gogo lililokwisha kufa na mche uliooteshwa kwa mkono, na kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote.

Wenye kushika kanuni hujibu kwamba thamani ya bonsai ni umri wake na mfululizo wa mikono iliyoulea. Katika kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa mwaka 1925 na wakuzaji miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko la ardhi la 1923, na katika maonyesho ya Kokufu yaliyoanza mwaka 1934, taadhima hiyo ndiyo msingi wa kila hukumu. Neno lao ni la kweli, nami nalikubali. Lakini linalofuata kutokana nalo ni kwamba anayeuza tanuki kwa bei ya mti wa mlimani, akanyamaza, ameghushi, na dhambi ya muuzaji huyo haimwangukii aliyeuunda mti kwa ustadi na kuutaja kwa jina lake. Dawa ya udanganyifu ni kusema bayana: muuzaji na atamke, na maonyesho yaupe mti wa kuungwa daraja lake lenyewe.

Kwetu Afrika ya Mashariki mreteni wa asili ni mtarakwa, uotao katika nyanda za juu za Kenya na milima ya Usambara. Kijana wetu atakayevutwa na sanaa hii asipande mlimani kung'oa mtarakwa mkongwe, na hata gogo kavu la msitu wa hifadhi asiliguse bila ruhusa. Anunue mche kitaluni, atafute gogo gumu lisilooza upesi, avumilie miaka inayohitajika, na siku atakapouweka mti wake mbele ya watu, aseme pasipo haya kwamba ameuunga kwa mkono wake.