Neno kwa Nyumba Zetu: Mkristo Kazini Mwake



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Kibeta twalijua, ingawa ni vigumu kulitamka. Mtu amekwisha kusali na watoto wake asubuhi, aenda kazini mjini Bukoba. Huko mkubwa wake amwambia, “Kahawa ya mzee huyu iandikie kilo pungufu, hajui kusoma.” Au mwalimu aambiwa awape watoto fulani alama wasizozipata. Akikataa, aogopa kufukuzwa. Na akifukuzwa, watoto watakula nini? Tusiicheke hofu hiyo. Njaa haina mzaha.

Lakini na tumkumbuke jirani yetu wa Buganda, Yosefu Mukasa Balikuddembe. Tangu ujana wake alitumika katika nyumba ya Kabaka Mutesa, akabatizwa mwaka 1882. Mutesa alipokufa mwaka 1884, Mwanga mwanawe alirithi kiti, akamweka Yosefu kuwa msimamizi wa vijana wa nyumba yake. Kazi hiyo Yosefu aliitenda kwa moyo wote. Ila alikataa mambo mawili. Mfalme alipotaka kuwaharibu vijana wale, Yosefu aliwalinda. Tena Mwanga alipoamuru Askofu James Hannington auawe, naye akauawa katika Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, Yosefu alimwonya mfalme kwamba ametenda vibaya. Hannington alikuwa Mwanglikana na Yosefu Mkatoliki, wala hakusema, “Huyo si wetu.” Tarehe 15 Novemba mwaka ule ule akauawa.

Karoli Lwanga akashika mahali pake katika kuwalinda vijana, naye aliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, siku waliyochomwa moto wenzake wengi, Wakatoliki na Waanglikana. Je, Injili ilizimika? Miaka 7 tu baada ya kifo cha Yosefu, mwaka 1892, Mapadre Weupe walifungua misheni yao Kashozi, karibu nasi. Na hata leo kila Juni watu wa Kagera huvuka mpaka kwenda kuhiji Namugongo.

Basi, twajifunza nini?

Kwanza, Yosefu hakuikataa kazi, aliikataa dhambi. Karani achelewaye kila siku, na mwalimu asiyetayarisha masomo, hao wakisema “hapana” neno lao ni jepesi, kwa maana mkubwa atasema ni uvivu wao wa siku zote. Atakaye kukataa uovu siku moja, na awe mwaminifu siku zote nyingine. Hata adui za Danieli hawakuona kosa katika kazi yake.

Pili, alisema na bwana wake mwenyewe, wala hakwenda kunong'ona kwa watu. Nasi tuseme kwa adabu: “Bwana, kazi yako nitaifanya, lakini kuandika uongo siwezi.”

Tatu, neno hili ni la ninyi mlio nyumbani. Mara nyingi mtu hashindwi kazini, hushindwa mezani pake. Asikiapo kila jioni, “Mwenzako amejenga nyumba ya bati, wewe umeleta nini?” kesho mkono wake utalegea penye mizani. Enyi wake kwa waume, msiwatume wenzenu kuiba kwa maneno ya manung'uniko. Mmoja wenu akirudi amepoteza kazi kwa ajili ya kweli, mpokeeni kwa heshima kama mtu atokaye vitani. Nasi wa kanisa tusiishie kumsifu tu. Tumpelekee ndizi na maharage, tumsaidie kutafuta kazi nyingine. Kumwambia ndugu asimame imara, kisha kumwacha alale njaa, si upendo.

Jioni moja mwezi huu, baada ya sala, ulizaneni nyumbani: Baba au mama akirudi bila kazi kwa sababu hii, sisi tutamwambia nini? Jibu hilo litayarisheni mapema.

Bwana azilinde nyumba zenu. Amina.